Mdomo Uliokufa Ganzi: Kutoka Tabaka Hadi Nyamira

Kosa langu lilikuwa kuupima mdomo kwa jiwe. Sisi wachongaji wa mawe hapa Tabaka tuna desturi ya kupitisha bakuli la jiwe kwenye mdomo wa chini ili kujua kama limelainika, maana vidole vyetu vina sugu. Nilipopasuliwa taya Nairobi ili meno yakutane, mdomo na kidevu vilikufa ganzi. Kila asubuhi niliusugua kwa bakuli, nikitafuta hisia, mpaka ukachubuka nisijue. Nilijifundisha kuchonga mwenyewe, na bila mdomo huo sikuiamini kazi yangu hata moja. Nikaamua kwenda Nyamira kwa Mama Kemunto, muuguzi mstaafu wa wodi ya upasuaji.

Alfajiri nilipanda lori la mawe hadi Kisii.

Saa tatu, sokoni Kisii, nilikunywa chai. Muuza ndizi akanitazama.

"Kijana, chai inateremka kidevuni. Umeona msichana gani?"

Wenzake wakacheka. Nilijifuta kwa aibu.

Adhuhuri nilimkuta Mama Kemunto akichuma majani ya chai. Alinisalimu kwa Kigusii, akiniita mwanawe.

"Bwakire, omwana one. Nani amekupiga mdomoni?"

"Hakuna, Mama. Nilikuwa najipima kwa jiwe."

Akatua kikapu. "Nyinyi watu wa Tabaka! Mshipa wa fahamu uliovutwa na daktari unapona polepole, na wewe unaupiga msasa?"

Alisubiri kwanza nile. Kisha akaleta kioo na kitambaa laini. Nilijigusa kwa kitambaa upande usio na ganzi nikijitazama kiooni, halafu upande wenye ganzi, halafu nikafumba macho, naye akanigusa.

"Wapi hapo?"

"Kushoto."

"Ni katikati. Rudia, huu si mtihani. Fanya hivi mara tatu kwa siku kidonda kikikauka. Pakiwasha, usikune. Panaamka."

"Na pasipoamka pote?"

"Huenda pakabaki kidogo. Utakula, utaoa."

Nilikuwa nimekosea mahali alipogusa, lakini nilikuwa nimehisi kitu. Nililala kwake nikiwa na furaha.

Kesho yake, njiani kurudi, kidevu kiliwasha kana kwamba sisimizi wanatembea. Nilikaza mikono magotini hadi Tabaka.

Mwaka umepita. Hisia zimerudi, isipokuwa mahali padogo upande wa kushoto. Zamani nilishikilia bakuli moja wiki nzima nikitafuta ulaini kamili. Sasa mdomo ukiniambia limelainika vya kutosha, naliweka chini, naanza lingine.