Tiketi ya Mwinjilisti

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa vitu vitatu: baiskeli isiyo na breki ya nyuma, Biblia, na kisanduku cha bati chenye tiketi. Mchungaji wa Ruiru, mkubwa wangu wa kwanza, alinikabidhi mbele ya kanisa la mbao akaniambia kwamba baiskeli itachakaa na Biblia nitaizoea, lakini kile kisanduku nikilinde. Nilikuwa kijana wa Gatongora, nimevaa koti la marehemu baba lililonipwaya, na nilidhani nimepata kazi nyepesi. Hali ya Hatari ya mwaka wa 1952 ilikuwa bado haijatangazwa.

Niwaeleze vijana, maana siku hizi mtu hupewa kipaza sauti kabla hajajua kumwombea mgonjwa. Mwinjilisti si mchungaji. Alihubiri, alifundisha darasa la ubatizo, alizika wafu mchungaji akiwa mbali, lakini hakubatiza wala hakumega mkate. Kila miezi mitatu, wiki moja kabla ya Meza ya Bwana, alipita nyumba kwa nyumba akigawa tiketi, kadi ndogo yenye jina la mshiriki. Haikutumwa kwa mtu wala kuachwa dirishani. Uliingia, ukauliza habari za nyumba, ukasikia kama kuna ugomvi, ukawapatanisha, ndipo ukaitoa kwa mikono miwili na kusema, "Njoo Mezani." Asiye na tiketi hakushiriki, hata angekuwa nani. Ya mwinjilisti mwenyewe ililetwa na mzee wa kanisa, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kujialika.

Ruiru nilifanya kazi kwa furaha, sitadanganya. Kisha hofu ikaingia. Kwanza ilikuwa minong'ono kwenye mashamba ya kahawa, halafu mwalimu niliyefundisha naye darasa akakutwa amekufa kando ya reli, na hakuna aliyethubutu kuuliza ameuawa na nani. Tiketi zangu nazo zikageuka. Watu wa msituni, waliopigana na Serikali ya wazungu, wakikukuta nayo, walisema umekula kiapo cha wazungu. Homugadi, yaani askari wa kijiji waliosimama na Serikali, wakikukuta huna, walisema umekula kile kiapo kingine, cha msituni. Kadi ilikuwa ndogo kuliko kiganja, na mauti yalikuwa pande zote mbili.

Katikati ya hayo nikahamishiwa Thika. Mchungaji wa Thika alikuwa mtu mrefu wa maneno machache, na alinipa nihudumie mashamba ya mkonge pamoja na kijiji kipya cha Mugutha. Watu wa huko walikuwa wametolewa na Serikali kwenye nyumba zao wakarundikwa mahali pamoja, wamezungushiwa mtaro uliojaa miti iliyochongwa, na lango likiwa moja tu. Nikishapita Juja sikuona kitu ila mkonge, na kila jani lililotikiswa na upepo nililiona mtu. Nilipiga pedali huku nikiimba tenzi kwa sauti, si kwa kumsifu Mungu, bali ili mwenye kutaka kuniua ajue mapema kwamba sina bunduki.

Mzee wa kanisa wa Mugutha alipakiwa kwenye lori siku ya msako, hatukumwona tena. Tangu siku hiyo hapakuwa na mtu wa kuniletea tiketi yangu. Thika walidhani napewa Mugutha, na Mugutha walidhani napewa Thika. Mimi niliona aibu kuomba. Kwa hiyo nilimsaidia mchungaji kushika sahani ya mkate, kisha nikarudi kuketi bila kuonja. Hivyo hivyo ukapita mwaka na zaidi, na mtu mzima nilijidanganya kwamba si kitu.

Nikakauka. Nilikuwa na mahubiri matatu, nikayahubiri kwa zamu. Nilipoomba nilisikia sauti yangu tu. Nilikuwa nimezika watu wengi kuliko niliowafundisha darasani. Mkono wa kulia ukaanza kutetemeka hadi nikawa nauficha chini ya Biblia. Mke wangu Nyambura aliacha kuniuliza habari za kazi, akawa ananitazama tu. Mwisho niliandika barua ya kuacha kazi nikampelekea Mchungaji wa Thika.

Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani, Gatongora. Nimechoka, Mchungaji. Na ninaogopa."

Nilitarajia anikemee, au anisomee mstari. Alinirudishia barua.

"Gawa tiketi za Mugutha kwanza, sina mtu mwingine. Jumatatu niletee hii, nitaipokea. Hata mimi sina nguvu ya kukuzuia."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nilitoka nikiogopa zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimemtegemea.

Langoni mwa Mugutha homugadi mmoja alikipindua kisanduku changu kwa kitako cha bunduki, tiketi zikamwagika kwenye matope. Akataka nimtajie washiriki ambao majina yao hayamo kwenye tiketi zile, maana hao aliwadhania wamekula kiapo cha msituni. Nilimwambia kwamba wote wamo. Haikuwa kweli, na nilijua kwamba akitafuta orodha ya washiriki nitapigwa pale pale. Aliipiga teke tiketi moja, kisha akasogea nipite. Niliokota tiketi moja moja nikizifuta kwa koti la baba.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Cucu Wambui, bibi mjane aliyewatunzia wenzake tiketi ndani ya mkebe wa mbegu za maharagwe, ili watu wa msituni wakija zikutwe kwa mtu mmoja tu, na homugadi wakiziuliza zipatikane. Nilimpa yake, na mkono ukatetemeka mpaka kadi ikaanguka. Nikashindwa kujizuia. Nilimwambia kwamba hii ni mara yangu ya mwisho, kwamba nina barua mfukoni, na kwamba mhubiri mwoga kama mimi hafai kuja tena.

Akaiokota kadi yake taratibu.

"Hiyo mkono yako tumeiona siku nyingi," akasema. "Wewe ulifikiri tunakufungulia mlango kwa nini? Siku hizi mtu haogopi ni yule ako na bunduki, ya huku ama ya msituni. Tukiona unatetemeka tunajua huyu ni wetu, hajatumwa na mtu."

Ile aibu niliyoificha chini ya Biblia ndiyo iliyokuwa ikinifungulia milango.

Kisha akauliza, "Na yako iko wapi?"

Nikamwambia ukweli. Aliguna, akaniamuru nitoe kadi tupu niandike jina langu, maana yeye hakujua kuandika. Siku zile mwanamke hakuwa mzee wa kanisa, na sheria tuliijua sote wawili. Akaichukua kadi ile, akaniuliza habari za nyumba yangu, akaniuliza kama nina ugomvi na Nyambura, akangoja nijibu. Ndipo akanipa kwa mikono miwili.

"Njoo Mezani, baba."

Jumapili hiyo nilikula mkate, nikalia mbele ya watu. Jumatatu nilikwenda Thika mikono mitupu. Barua Nyambura alikuwa ameiwashia jiko. Nilimsimulia mchungaji yote, nikijiandaa kukemewa kwa kupokea tiketi kutoka kwa mwanamke. Akasema kwamba hata yeye hakuna aliyemwuliza habari za nyumba yake tangu vita vianze. Tangu siku hiyo kila miezi mitatu nilimpelekea yake, naye aliniletea yangu, na hakuna kati yetu aliyeacha kazi.

Hofu haikuisha. Nilipita kwenye mkonge ule nikiogopa mpaka vijiji vikavunjwa, na mkono unatetemeka hadi leo nikiwa mstaafu hapa Gatongora. Wahubiri vijana huja kuniambia kwamba wamechoka, wamekauka, wanataka kuacha. Wanatarajia mstari wa Biblia. Mimi huwauliza swali moja tu: yako wewe, huletewa na nani?

Wengi husema hawana mtu. Basi nanyanyuka polepole, nafungua kile kisanduku cha bati, naandika jina la aliyekuja, namwuliza habari za nyumba yake, na kumpa kwa mikono miwili.