Kilima cha Tano cha Alvina Kosciak

Saa kumi na mbili asubuhi, Alvina Kosciak anampanda Gertrude kwa miguu. Nyundo iko mkono wa kulia, spana inaning'inia kiunoni, na mkanda wa usalama umenasa kwenye waya unaofuata reli. Anapiga hatua mbili, anainama, anagonga ubao, anasikiliza. Kisha hatua mbili nyingine.

Gertrude ni rolakosta, yaani reli ya burudani inayopanda na kushuka vilima kwa kasi, iliyojengwa kwa mbao katika bustani ya michezo ya Lindenmoor, magharibi mwa Pennsylvania, Marekani. Ana vilima tisa, na cha kwanza kina kimo cha futi themanini na nne. Reli yake ni tabaka nane za mbao za msonobari, na juu kabisa ukanda mwembamba wa chuma. Treni ikipita siku nzima, jengo lote huyumba, bolti zikalegea. Lazima mtu azikaze kabla abiria hawajafika.

"Ubao mzima unalia kavu," anasema Alvina, mwenye umri wa miaka sitini na moja. "Uliooza unakujibu kama mtu aliyejifunika blanketi."

Kukagua pande zote mbili humchukua saa tatu. Zamani ilikuwa saa moja na nusu, kwa sababu walikuwa wawili: yeye upande wa kulia, kaka yake Ambrose upande wa kushoto. Kwa misimu ishirini na sita walitembea sambamba, wakitupiana maneno juu ya reli.

"Ananiita, 'We kobe, utafika lini?' Namjibu, 'Umeruka bolti tatu, mzee, rudi!' Na mara nyingine kweli alikuwa ameziruka." Anatabasamu kidogo. "Sasa nikisema neno huku juu, linakwenda zake tu."

Kilichowatenganisha ni kilima cha tano.

Si kirefu, lakini ndicho abiria wanachokikumbuka. Treni hukivamia kwa kasi, ikakivuka kabla mwili haujajua, na kwa sekunde mbili makalio yanaachana na kiti. Wengi hupiga kelele za furaha. Wengine walikuwa wakishuka wameshika mgongo.

Miaka minane iliyopita Ambrose, ambaye ndiye aliyekuwa akichora vipimo, alishauri kilima kipunguzwe futi mbili ili treni isikiingie kwa ghafla. Alvina alimpinga mbele ya wakubwa wote.

"Nikamwambia, 'Unataka kumfanya Gertrude kiti cha kubembelezea bibi kizee.' Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka."

Uongozi ulimsikiliza Alvina. Kabla ya msimu mwingine kuanza, Ambrose alikuwa amehamia Missouri kwenye bustani nyingine, pamoja na daftari lake la vipimo. Mama yao alipofariki, ndugu hao walisimama pande mbili za kaburi. "Tulipeana mkono kama watu waliouziana gari," anasema Alvina.

Hakuwahi kuolewa. Jumapili hutengeneza pierogi, vibumba vya unga vya Kipolandi vilivyojazwa viazi, dazeni nne, kipimo cha mama yake, anakula sita, zinazobaki anazigandisha. Friji imejaa.

Februari mwaka huu, theluji ilipopungua, nguzo kumi na nne za kilima cha tano zilikutwa zimeoza. Ilibidi kibomolewe na kujengwa upya kabla ya ufunguzi wa mwezi Mei. Michoro ya zamani ilikwishaharibiwa na mafuriko, kwa hiyo Alvina alikijenga kwa kumbukumbu.

Treni ilijaribiwa kwanza kwa mifuko ya mchanga. Kisha akapanda yeye, abiria mmoja katika treni ya viti ishirini na vinne, akakaa nyuma kabisa. "Kiti cha mbele kinakubembeleza," anasema. "Cha nyuma unaburutwa, unausikia ukweli wote."

Kilima cha tano kilimbamiza ubavuni. Hospitali walimwambia mfupa umepata ufa. Jioni hiyo hiyo alipiga simu Missouri.

"Nani kafa?" Ambrose aliuliza.

"Hajafa mtu."

"Sasa unataka nini?"

"Kilima cha tano kimenivunja ubavu."

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Unakiingia kwa ghafla mno. Nilikwambia zamani, mbishi wewe. Chukua kalamu."

Kwa jioni nne mfululizo Ambrose alimsomea vipimo kutoka daftari lake, nguzo baada ya nguzo, hadi sehemu ya nane ya inchi. Hakumuuliza ubavu unaendeleaje. Akimaliza za siku hiyo, anakata simu bila kwaheri.

Alvina alijenga kama alivyosomewa. Wiki ya kwanza ya Mei alipanda tena, peke yake, kiti kilekile. Safari hii kilima kilimnyanyua taratibu, kikamwacha hewani muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa, kisha kikamporomosha bila kumuumiza.

"Nililia," anasema. "Nikasema, kaka yangu amenirudishia kilima changu."

Kesho yake aliingia ofisini kunywa kahawa. Ukutani ipo picha kubwa ya Gertrude wa zamani, iliyopigwa kutoka ubavuni. Aliitazama, akachungulia dirishani, akaitazama tena. Vilima havikufanana. Mwanzo wa hiki kipya ulikuwa mpole, kama Ambrose alivyotaka siku zote. Mteremko wake ulikuwa mkali uleule wa zamani, kama alivyotaka Alvina.

"Mzee kanichezea! Nilikasirika mpaka mchana. Halafu nikawaza: hesabu hizi hazitungwi kwa jioni nne. Amekaa nazo kule miaka, peke yake, na hakumwambia mtu."

Delphine Rausch, mkuu wa uendeshaji wa bustani, anasema msimu uliopita walipokea malalamiko arobaini na moja ya maumivu ya mgongo. Msimu huu, hadi katikati ya Agosti, ni matatu. "Na watu wakishuka wanarudi mbio kwenye foleni," anasema. "Namwambia Alvina afurahi. Ananiambia ana bolti za kukaza."

Alvina amempigia kaka yake mara tatu tangu Mei. Simu inaita hadi inakatika. Julai alimtumia kadi kwa posta, akimwalika kwa Jumapili ya mwisho ya msimu, mwezi Septemba. Jibu halijaja.

"Asipokuja, tukishafunga tu nawasha gari," anasema. "Ni mwendo wa saa kumi na mbili. Sitaki tena mambo ya simu, simu anaikata. Nataka nimwambie usoni kwamba kuhusu kupanda kile kilima, yeye ndiye aliyekuwa sahihi."

Na kuhusu kushuka?

"Kushuka nilikuwa sahihi mimi," anasema, akiinama kuugonga ubao unaofuata. "Naye anajua. Ndiyo maana mteremko hakuugusa."