Waya Wangu Uliovunja Siri ya Koito

Hii aibu ningependa isimuliwe na mtu mwingine, lakini kila anayeisimulia hunigeuza jasusi, kwa hivyo afadhali niiseme mwenyewe, nanyi chekeni mapema mmalize.

Dada yangu Chebet alikuwa anaposwa. Sisi kwetu ni karibu na Kaplong, wageni walikuwa wanatoka Londiani, na kama hujawahi kuwa karibu na koito (kile kikao cha wazee wa pande mbili kuelewana kuhusu mahari), jua tu kwamba ni siku ya kutiliana shaka kwa adabu. Wageni wanachunguza ukoo wenu hadi babu wa babu, wenyeji wanachunguza kama kijana hajaficha mke mahali, kila mtu anatabasamu na hakuna anayemwamini mwenzake. Mazungumzo yakikwama, upande mmoja unatoka nje ili ule mwingine ushauriane peke yake, na hapo hata kukohoa karibu na dirisha ni kosa.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na pia ndimi mpiga picha wa familia, maana yake ni kwamba kwenye picha zetu zote simo. Safari hii nilitaka niwemo, nikaamua kutengeneza waya wa kubofyea kamera kutoka mbali. Si kazi ngumu, msiogope. Nilichukua zile nyaya za kusikilizia muziki za simu yangu ya zamani, ambazo kichwa chake kiliingia sawasawa kwenye tundu la kamera, na ukizichuna unakuta nyuzi ndogo tatu: mmoja wa kulenga, mmoja wa kupiga, na mmoja wa pamoja. Ukiugusisha ule wa pamoja na hizo nyingine mbili, kamera inalia kacha! Nikaunganisha waya mrefu, mwisho wake nikaweka kitufe cha kengele ya mlango. Nilipofika kwenye kiungo cha mwisho mkanda wa umeme ukaniishia, nikafunga kwa plasta ya kidonda (wanafunzi wangu wakisoma hapa, tafadhali msiige).

Asubuhi nikasimamisha kamera kwenye kona ya sebule, nikaifunika kitambaa cha Mama cha kufuma, nikapitisha waya chini ya zulia, na kitufe nikakitoa dirishani nikakitundika kwenye msumari ili kisikanyagwe. Nilipanga kukirudisha ndani wakati wa picha. Sikumwambia mtu yeyote. Nilitaka iwe surpraizi, na hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Mchana wazee wakakaa, wakajadiliana, wakakwama. Baba na ndugu zake wakatoka, wakaenda kusimama kule kwenye zizi la ng'ombe, wageni wakabaki sebuleni kushauriana. Mimi nilikuwa jikoni na kina mama. Mvua ikaanza, ile yetu ya kila alasiri, na nikakumbuka kitufe changu. Nikakimbia, nikachuchumaa chini ya dirisha, nikakikinga kwa mikono yote miwili.

Ndani, mjomba wa bwana harusi, Mzee Langat, mtu mnene wa sauti nzito, alikuwa amekalia kiti ambacho mguu wake ulikuwa juu ya ile plasta. Akiinama mbele kunong'ona, nyuzi zinagusana chini ya zulia, kacha! Akiegemea nyuma, kacha! Nikasikia mzee mmoja ndani akiuliza:

"Ni nini inalia hapo kwa kitambaa?"

Kitambaa kikavutwa. Zulia likainuliwa. Kisha kichwa cha Mzee Langat kikatokea dirishani juu yangu, kofia na yote.

"Na wewe ni nani hapo chini?"

"Ni mimi, Mzee. Nakinga kitufe."

"Kitufe ya nini?"

Sasa mtu mwenye akili angelia. Mimi nilieleza. Nilianza na nyuzi tatu, nikafika kwenye kengele ya mlango, nikamwonyesha kwa vidole jinsi zinavyogusana, taratibu, kama ninavyomwelezea mtoto wa kidato cha kwanza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, hii kamera inaweza kushika sauti?"

"Kuweza inaweza, Mzee, lakini huu waya..."

"Mmeskia? Amesema inaweza!"

Baba alikuja mbio kutoka zizini, viatu vimejaa matope. "Chelangat, umeweka nini kwa nyumba yangu?"

"Tumetoa siri yetu yote hapo ndani," Mzee Langat akasema, akitafuta fimbo yake. "Sasa tutaongea nini na watu wanajua mahali tutafika? Twendeni."

Chebet alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na nguo yake mpya, mikono juu ya kichwa. Hakunitukana. Ningeomba anitukane.

Nikawasihi waangalie picha. Mzee Langat akavaa miwani, wenzake wakamzunguka.

"Huyu ni nani?"

"Si mtu, Mzee. Ni kitambaa."

"Na huyu?"

"Kitambaa."

Walikagua matundu ya kile kitambaa moja baada ya jingine, wakijitafuta. Walipojikosa, shaka ikaongezeka. "Na sauti iko wapi? Umefuta?" Nikajua nimekwisha, kwa sababu hakuna mwalimu duniani anayeweza kuonyesha kitu ambacho hakipo.

Ni Baba aliyesimama mlangoni, akavua kofia. "Wazee, kama nyumba yangu imewasikia, basi na nyinyi mtusikie. Huko zizini tulikubaliana hivi: tukatae mara mbili, halafu tukubali ile mlisema mwanzo."

Kisha Mzee Langat akaanza kucheka, akarudi kukaa kwa kishindo. Kacha!

"Basi tubaki pale mwanzo, mkwe. Mbona tusumbuane?"

Mama akaleta kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu yaliyochachuka, wakanywa, koito ikaisha. Lakini yule ng'ombe mtamba wa ziada ambaye Baba alitarajia kumpata kwa kukataa mara mbili alibaki Londiani, na kwa muda mrefu Baba alikuwa akipita karibu nami, anatazama zizi, anatikisa kichwa.

Waya wenyewe ni mzuri, na ukitaka kutengeneza wako njoo nikufundishe, utaweza. Ila kwanza uwaambie watu wa nyumba, na ukiulizwa na mzee mwenye kofia, jibu kwa ufupi. Mimi nimeapa kwamba kwenye koito nitabeba chai tu. Chebet ameshaolewa na ana furaha, na nikienda kumtembelea, Mzee Langat hunipokea kwa mikono miwili, ananiita mwalimu wetu, anacheka mpaka machozi. Ila hakai mpaka ainue zulia.