Akina Ayubu wa Ipuli

Enzi zetu pale Ipuli, Tabora, mama akisimama uani na kuita "Ayubu!", tulifika watoto wanne tunahema, na mmoja tu ndiye wa kwake. Wawili Waislamu, wawili Wakristo, wote vumbi hadi magotini kwa mpira wa chandimu. Hakuna aliyerudishwa mikono mitupu. Kila mmoja alipewa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, unatafuna mpaka taya zinauma. Leo mpe mjukuu wangu, atakuuliza kama ni mbao.

Wa karibu kuliko wote alikuwa Ayubu wa fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tuliitana somo, maana ndivyo wanavyoitana watu wa jina moja, na usomo siku hizo haukuwa mchezo. Somo hapigwi, somo hanyimwi. "Somo wako akiumwa tumbo, wewe ndiye unywe dawa," alikuwa akisema Bibi Nyamizi, mama wa baba yangu, ambaye mimi aliniita "mume wangu" kwa kuwa nilirithi jina la babu.

Na jina hilo, kwa Bibi, lilikuwa la Kinyamwezi. Weee, usibishane naye! Alisimulia jinsi baba mkwe wake, mpagazi wa pembe za ndovu, alivyovimba mguu akirudi kutoka Pwani, msafara ukamwacha, na mtu mmoja wa huko aitwaye Ayubu akamuuguza mpaka akasimama. Mpagazi akafika kwao Unyanyembe bila mzigo wala ujira, akampa mwanawe wa kwanza jina la yule mtu. Wamisionari walipokuja kumbatiza huyo mwana, wakakuta jina limo tayari kwenye kitabu chao, hawakuligusa.

"Sasa Bibi, si lilitoka kwa mtu wa Pwani?"

"Na yeye alilipata kwetu. Wapagazi walipita kwao kila mwaka."

Siku mwalimu wa shule ya Jumapili aliposema kwamba Ayubu alikaa nchi ya Usi, nilikimbia nyumbani kuuliza iko wapi. Bibi hakusita. "Ukishapita Puge, unakata kushoto."

Basi nikaenda kumtangazia somo kwamba jina analotumia ni letu. Akasema maalimu wao amewafundisha kuwa Ayubu ni nabii wa zamani sana, kabla Tabora haijawa na nyumba hata moja, hivyo mwazimaji ni mimi. Tukazichapa hadi shati lake likachanika, shati aliloshonewa na baba yake kwa ajili ya Idi. Loo! Somo kumpiga somo! Fundi na Bibi hawakutugusa. Walikaa kibarazani, wakanong'onezana, wakatubadilisha. Jina ni moja, basi na mtoto ni mmoja. Wiki nzima nililala kwa fundi, nikaokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani, nikala pilau la Ijumaa. Yeye akalala kwetu na kumchotea Bibi maji. Nilichungulia uani kwetu nikamsikia akiitwa "mume wangu", nikalia kwa wivu. Siku ya saba tulirudishwa makwetu, na hatukugombana tena.

Tukakua. Somo alirithi cherehani ya baba yake, mimi nikawa mwalimu. Suti ya harusi yangu alinishonea yeye, ikanibana makwapani, nikaivaa hivyo hivyo. Yeye alijaliwa mabinti watupu, kwa hiyo mwanangu wa Dar alipopata mtoto wa kiume, nilimwomba ampe jina letu. "Baba, hilo ni jina la mtu wa mateso," akaniambia. Wakampa Jayden, jina walilolipata kwenye simu. Nilipompelekea somo habari hiyo alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Basi, somo. Tukiondoka sisi wawili, limekwisha."

Mwezi uliopita akaondoka yeye. Msikitini wakatangaza kwamba Ayubu wa Ipuli amefariki, habari ikasambaa mjini, na nilipotoka kuzika nikakuta simu yangu haipumui. "Mwalimu, kumbe uko hai!" Kila aliyeshangilia alinichoma. Nilikuwa naona aibu kuwajibu. Mwisho akapiga mwanangu, analia kama alivyolia siku ile nilipomwacha bwenini.

"Baba! Baba, ni wewe?"

Nikamwambia ni mimi.

Akashusha pumzi ndefu. "Asante Mungu. Kumbe ni yule mwingine."

 Nilibaki nimekaa, udongo wa makaburini ungali kwenye viatu. Watoto wa siku hizi kila mmoja ana jina lake, jipya, haligongani na la mtu, na pengine ni raha, ukiita anakuja mmoja tu. Lakini sisi, mwanangu, hatukuwa na Ayubu mwingine.