Ghorofa Isiyokuwa na Ngazi

Halmashauri iliiandika nyumba ya mjane mmoja mshonaji kuwa ya ghorofa, ikamtoza kodi ya jengo kama tajiri, na aliposhindwa kulipa ikabandika mlangoni notisi ya mnada. Nyumba yenyewe ni vyumba vitatu vya chini na kibaraza cha cherehani. Ghorofa ni ya jirani wa nyuma. Mthamini wa halmashauri alisimama barabarani, akaona madirisha yakichungulia juu ya bati la mjane, akaandika, akaenda zake.

Wateja wakaja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, hata vilivyokwisha kukatwa, visije vikafungiwa humo.

"Si kwa ubaya, mama," walisema.

Ofisini alikwenda mara nne. Karani hakuinua hata uso. "Mama, kompyuta haidanganyi."

"Haidanganyi kwa kuwa haina mdomo," mjane akamjibu. "Aliyeilisha je?"

Shoga yake ndiye aliyemvuta hadi kwa Wakili Futi, binti mwembamba aliyebandikwa jina hilo kwa sababu hachukui kesi ya jengo kabla hajalipima kwa mkono wake. Siku za kazi huwatetea wenye maghala na hoteli. Jumamosi asubuhi huketi ukumbi wa mtaa, akiwafundisha watu hati za kodi, hata wasiojua kusoma. Huwashika kidole na kukiweka juu ya karatasi: hapa ukubwa, hapa idadi ya sakafu, hapa tarehe.

Kidole cha mjane kilipofika kwenye tarehe, wakili alihesabu siku.

"Mama, rufaa ni siku thelathini tangu notisi. Umebakiwa na mbili."

"Mwanangu, mimi sina cha kukulipa."

"Wenye maghala wameshanilipa. Twende nyumbani."

Alipima kila ukuta kwa futi yake, akiwa na viatu vyake vya mahakamani miguuni, akapiga magoti vumbini mbele ya majirani waliokuja kutazama. Kisha akasimama barabarani, pale pale aliposimama mthamini, akapiga picha. Rufaa ikaingia Jumatatu, siku ya mwisho, saa tisa alasiri, dirisha la masjala likikaribia kufungwa.

Mbele ya baraza la rufaa mthamini alikuwa na suti na maneno. "Ngazi ziko ndani, waheshimiwa."

"Uliingia kwa mlango upi?" wakili akauliza, taratibu, kama anayemwuliza mgonjwa anaumwa wapi.

"Kuingia sikuingia. Mtaa mzima kwa siku moja, mheshimiwa wakili! Kazi ni nyingi."

"Basi naomba baraza likaingie kwa niaba yake."

Wakaenda wote, na mafaili yao. Mjane aliwafungulia mlango, akijua kwamba wakitoka humo bila kusadiki hana pa kulala. Lakini ulimi wake haukuomba ruhusa.

"Karibuni, waheshimiwa. Mkiziona ngazi mniite na mimi, miaka kumi na tisa nazitafuta."

Mwenyekiti alijikohoza ili asicheke. Wiki haikwisha, notisi ikafutwa na nyumba ikaandikwa ya chini.

Mwingine angepiga picha na mteja wake akaondoka. Wakili alirudi Jumamosi na futi yake, akaanza nyumba ya kwanza ya mtaa ule, kwa kuwa mthamini alikiri mwenyewe kwamba wote aliwapima kwa macho siku moja. Sita zimekutwa na makosa. Moja iliandikiwa kisima ambacho ni shimo la takataka.

Halmashauri ilimletea mjane barua ikisema "dosari ndogo imerekebishwa." Wakili aliisoma kwa sauti, akaikunja.

"Faili sifungi, mama. Hii si radhi."

Ameshaiandikia halmashauri mara tatu. Mthamini bado anadaiwa: aje kwa miguu yake, asimame mbele ya majirani, aseme kwa mdomo wake kwamba mama huyu hakukwepa kodi, ila yeye ndiye hakuingia ndani. Hajaja.