Kiapo Katikati ya Filamu

Duka lake halikuwa duka hasa, ilikuwa nafasi iliyobaki chini ya ngazi za ghorofa, ikichangia ukuta mmoja na fundi cherehani. Watu walimwita Mama Diski, ingawa hakuwa na mtoto, na diski zenyewe zilikuwa zimeshapitwa na wakati. Kazi yake ilikuwa kuhamisha filamu. Mtu analeta diski zake za zamani, yeye anazifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kisha kompyuta inazibana filamu zake mpaka zienee kwenye kideki cha mkononi, kile kidogo chenye kioo chake chenyewe. Kompyuta za siku hizi hazina tundu la diski. Ya kwake, kizee kinachonguruma kama mashine ya kusaga, bado inalo. Ndiyo maana wifi yake hakuwa na pengine pa kwenda.

Aliingia mchana, manukato yake yakiwa yametangulia.

"Wifi yangu jamani! Kumbe ndipo ulipojificha!"

"Sijajificha. Karibu."

"Umekonda! Au ndiyo kula peke yako huko?" Alicheka, akatua mfuko mezani. "Mama yuko kitandani tangu avunjike nyonga. Nimemnunulia hiki kideki. Anataka zile filamu alizokuwa akiangalia na marehemu. Nitilie zote humo, kesho kutwa nakuja."

Marehemu alikuwa mume wa Mama Diski. Udongo wa kaburi haujakauka, wifi huyu alisimama sebuleni akasema nyumba ni ya ukoo, mjane atoke kabla jua halijazama. Akabaki na nyumba, makochi, deki na mfuko huu wa diski, aliouchukua mzima bila hata kuuchungulia. Mama yao alikuwa amelazwa, presha imempanda kwa msiba. Aliporudi akaambiwa mkwe wake amekimbia na mwanamume. Kila Mama Diski alipopiga simu ya mama mkwe wake, ilipokewa na wifi.

Nyumba angeweza kuisahau. Nyumba ni matofali. Lililomkaa kooni ni kwamba kuna mama aliyekuwa akimwita mwanangu, na sasa anamhesabu malaya. Mtenda husahau, mtendwa hasahau, na yeye alikuwa na kumbukumbu ya mtu anayelala mapema na kuamka mapema bila wa kuongea naye.

Chini kabisa ya mfuko, katikati ya vichekesho na filamu za ngumi, alikuta diski isiyo na jina, imechorwa ua dogo kwa kalamu ya wino mzito. Ua lile alilichora yeye. Ilikuwa diski ya harusi yake.

Akaitia tunduni. Mumewe akatokea kwenye suti iliyompwaya mabegani, anacheka na mtu asiyeonekana. Akamtazama mpaka macho yakauma. Halafu wifi akaingia kwenye picha, kamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, mkono juu, wigi upande.

"Mbele ya mama yangu na watu wote hawa, naapa! Wifi, nyumba yetu ni yako! Hata kaka akitangulia, atakayekutoa humo atanitoa mimi kwanza!"

Ukumbi mzima ukapiga vigelegele.

Fundi cherehani alichungulia mlangoni. "Dada, mbona unacheka peke yako? Unanitisha."

"Nashona."

"Unashona nini, na huna hata sindano?"

"Sanda."

"Ya nani tena? Haya, mie simo!" Akarudi kwenye cherehani yake, lakini aliacha mlango wazi.

Angeweza kurudisha kideki kitupu na kusema diski zimechubuka. Hiyo ingekuwa hasira tu, na hasira hupoa. Fimbo ya maneno ya mtu mwenyewe haipoi. Akakikata kile kiapo, akakipachika ndani ya kila filamu, pale penye utamu, pale ambapo mtazamaji hathubutu kupepesa jicho. Hakukiweka mwanzo wala mwisho, kwa sababu wateja wote hukagua kwa namna moja: hutazama mwanzo, huruka hadi mwisho, wakaridhika.

Wifi naye alikagua vivyo hivyo. "Kazi safi. Mungu hamnyimi mtu vyote," akasema, akaondoka.

Aliporudi, hakuwa na manukato wala salamu.

"Umenifanya nini wewe?"

"Kideki kimeharibika?"

"Usinichezee! Nyumba ilijaa, mashangazi, watoto, majirani. Filamu ya kwanza walicheka. Ya pili wakanyamaza. Ya tatu Mama akaniuliza, 'Kama uliapa hivi, mkwe wangu alitokaje?' Kitoe hicho kitu!"

"Kilete basi nikitoe."

"Hakiachii! Analala nacho kifuani!"

"Sijaongeza neno, wifi. Sauti yako, mkono wako, hata wigi ni lako."

Cherehani ya jirani ikanyamaza ghafla.

Wifi akabonyeza simu aliyokuwa ameificha kiganjani, akainyoosha. Ilikuwa inaita. "Mama amesema nisirudi mpaka aongee na wewe."

Sauti ikatoka humo, imechakaa lakini ni ileile. "Mwanangu? Ni wewe?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niambie mwenyewe. Ni kweli ulinikimbia?"

Wifi alitikisa kichwa taratibu, midomo ikitamka tafadhali bila sauti. Neno moja la kufunika kombe lingetosha. Mama Diski aliliona, akaliacha lipite. Akavuta kiti pekee kilichokuwamo, akakikalia, na wifi akabaki wima, mkono umenyooka na simu kama aliyeshikishwa sinia.

"Sikukimbia, mama. Nitakusimulia kuanzia siku ya mazishi, polepole. Nikikosea mahali, wifi yupo hapa. Atanirekebisha."