Vitunguu Ishirini vya Mbegu

Fundi viatu alikuwa mtu mwaminifu, na hilo ndilo lililomtesa. Mwizi wa kawaida angekuwa ameshasahau zamani. Yeye alikuwa na mwaka wa tatu akibeba kosa moja, na kila alipoketi kibandani kwake kupaka soli gundi, lilimjia palepale, katika zile dakika za kungoja gundi ishike.

Kosa lenyewe lilikuwa la tumbo. Alikula vitunguu vya mkewe.

Msicheke. Mkewe, ambaye majirani walimwita Mama Stoo, hakuwa na vitunguu vya hivihivi. Mbegu yake aliachiwa na mama yake mzazi. Kila baada ya mavuno aliviweka kivulini mpaka shingo zikakauka na kunywea, kisha akavitundika stoo kwenye nyavu. Kila wiki aliingia kuvipapasa kimoja kimoja. Kilicholegea, jikoni. Kilichochipua, jikoni. Vya majirani vilikuwa vimeshaoza na kusahaulika wakati vyake bado vimekaza. Ukifika mwezi wa kumi tangu viingie stoo, vile vya mwisho kabisa, visivyo na hata dalili ya kuchipua, alivitenga kwenye kikapu juu ya mlango. Hivyo ndivyo alivyoviita wazazi, na ndivyo alivyovipanda vitoe maua na mbegu. Kwa ufupi, mama huyu alikula vibaya na kupanda vizuri maisha yake yote, wakati wengi wetu tunafanya kinyume.

Mwaka ule binti yao alijifungua, na Mama Stoo akaenda kumwangalia kwa wiki sita. Aliacha maagizo mengi, na la mwisho lilikuwa kwamba kikapu kile kisiguswe. Ndani yake mlikuwa na vitunguu ishirini. Fundi aliitikia, tena kwa moyo safi. Lakini siku ya tisa vitunguu vya jikoni viliisha, mvua inanyesha, duka liko mbali, na kikapu kiko pale juu ya mlango kinamtazama. Akachukua kimoja. Alijiambia kuwa kimoja hakionekani katika ishirini. Ubaya ni kwamba kumi na tisa navyo ukivitazama ni kama kumi na nane tu. Kisha kaka yake akaja kumsalimia akakaa siku nne, na yule bwana mkono wake hauchelewi kwenye sahani. Mkewe alipopiga simu kusema anarudi Jumamosi, kikapuni mlikuwa mmebaki maganda.

Fundi alikwenda sokoni akanunua ishirini, vyekundu, vya ukubwa uleule, akivichagua kwa makini kama anachagua ngozi ya kiatu cha harusi. Alipofika navyo nyumbani akili ikamrudia. Shingo zilikuwa nene na maganda mepesi; mkewe angevishika mara moja tu angejua. Ndipo alipopata wazo ambalo angelijutia kuliko hata kula kwenyewe. Ijumaa alichukua jembe, akavipanda vyote kwenye tuta la mbegu, kwa mistari iliyonyooka.

Mama Stoo aliporudi alilikuta tuta tayari. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa yao mume huyu hakuwahi kung'oa hata jani moja shambani. Akamsimulia binti yake kwa simu, akawasimulia wanawake wa kikundi chake, akamsimulia hata muuza maji. Kwamba mume wangu alinipandia wazazi, na mimi sijamwambia. Wanaume wa mtaa walimjia juu Fundi kibandani, wakisema amewaharibia majumbani mwao. Fundi alicheka pamoja nao, na moyo unamwuma. Sifa ile ndiyo iliyomziba mdomo. Kukiri kwamba amekula angeweza. Kukiri kwamba amesifiwa bure kulimshinda.

Vitunguu vya sokoni vilitoa maua mazuri tu, vichwa vyeupe vya mviringo, na mbegu nyeusi tele. Mama Stoo akazisia kitaluni bila wasiwasi. Za zamani hakuwa nazo, maana mbegu ya kitunguu haina subira: ukiiweka mwaka mmoja au miwili haioti sawasawa, kwa hiyo hakuwa na desturi ya kuweka akiba. Mavuno yaliyofuata yalipendeza. Mwezi wa tatu stoo, vikaanza kuchipua. Mwezi wa nne harufu ya kuoza ilikuwa imefika mpaka sebuleni.

Kwanza alililaumu paa. Alipanda mwenyewe kuliinua ili hewa ipite, na Fundi akamshikia ngazi. Msimu uliofuata alizilaumu nyavu, akisema zimeshika ugonjwa, akazichemsha zote, na Fundi akambebea ndoo. Kila mara alijiambia kwamba leo atasema, na kila mara alipata sababu ya kusubiri kesho. Mwaka wa tatu Mama Stoo hakulaumu kitu kingine tena. Alijilaumu mwenyewe.

Mchana mmoja Fundi alipita nyumbani kuchukua uzi wa kushonea, akasikia sauti stoo. Alidhani kuna mgeni. Mkewe alikuwa peke yake, ameketi sakafuni kati ya vitunguu vilivyooza, anaongea na mama yake aliyefariki miaka kumi na mmoja nyuma.

"Nisamehe, mama," alikuwa akisema. "Uliniachia kitu kimoja tu, na nimekiharibu."

Fundi alirudi kibandani bila uzi. Aliona aibu mpaka hakuweza kumtazama mteja usoni. Alimrudishia mtu viatu vya mtu mwingine na wala hakugundua.

Hata hapo, na binadamu tuna mambo, wazo lake la kwanza halikuwa kukiri. Lilikuwa kurekebisha kimyakimya. Dada mkubwa wa mkewe, aliyeishi mwendo wa nusu siku, alipewa mbegu ileile na mama yuleyule, na kila mwaka alizalisha ya kwake. Fundi angeenda kuomba wazazi wachache, angewapanda, mambo yangerudi yalivyokuwa na hakuna ambaye angejua lolote. Akampigia simu, akatunga uongo kwamba anataka kumshtua mkewe kwa zawadi.

"Umechelewa, shemeji," dada alisema. "Mwaka jana mkeo aliniambia mbegu ya mama imeingia ugonjwa, niiache kabisa. Mimi nilimwambia vyangu bado vinakaa vizuri. Akasema najidanganya, ugonjwa uko njiani. Sasa si yeye ndiye anayejua vitunguu? Tukavila vyote, siku hizi napanda ya dukani."

Fundi aliishusha simu taratibu. Tumbo lake lilikuwa limemaliza vitunguu ishirini. Vilivyobaki duniani vilimalizwa na ukimya wake.

Jioni hiyo alimkuta mkewe anakunja nguo, akamwambia yote bila kupunguza: kile cha kwanza, kaka yake, soko, jembe. Mama Stoo aliendelea kukunja mpaka mwisho wa maneno.

"Paa la stoo," alisema hatimaye. "Nilipanda mimi, na magoti haya. Wewe ulikuwa chini umeshika ngazi."

"Ndiyo."

"Ungeniambia tu nishuke."

Fundi alitaka kulia, akajizuia, maana aliona hata kulia kungekuwa kujitafutia huruma. Mkewe akainuka ghafla, uso umepata nuru kidogo, akasema dada anavyo. Kisha akasita, mkono juu ya kiti. Fundi hakuhitaji kumsimulia habari ya ile simu. Alimwona akikumbuka mwenyewe.

"Nilimwambia anajidanganya," Mama Stoo alisema polepole.

Asubuhi aliingia stoo na beseni, akapapasa kimoja kimoja kama zamani. Katika mavuno yote vilikuwa vimebaki vinne vilivyokaza. Akavipangusa vumbi, akasema wataanza na hivyo. Fundi akamwuliza ilimchukua mama yake muda gani kuipata mbegu ile.

"Alianza nikiwa mgongoni," alijibu. "Naolewa, ndiyo kwanza vilikuwa vinafika mwezi wa nane stoo."

Fundi alikuwa na miaka sitini na mitano. Hesabu hiyo hakuombwa aifanye, lakini aliifanya.

Mkewe akachukua simu akampigia dada yake. Alisema amekosea. Alisema vya dada havikuwa na ugonjwa wowote, ni yeye aliyevuruga mbegu nyumbani kwake kisha akamharibia na mwenzake, na akamwomba radhi, mara mbili. Habari ya mumewe hakuigusa. Fundi alikuwa mlangoni, mfuko wa kazi begani, na wateja wanamngoja. Kwa shemeji yule alikuwa na heshima ya miaka mingi, na mkewe alikuwa anamwachia iendelee.

Akautua mfuko chini. Akanyoosha mkono, na mkewe, baada ya kumtazama, akampa simu.

"Shemeji," alisema, "ni mimi niliyevila."